Hundi ya Picha

Katibu hakuwa katibu wa mtu yeyote. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya kompyuta yake kuukuu iliyokaa barazani mwa ofisi za wilaya, na printa iliyokohoa kila ikimeza karatasi, na kwa sababu msichana huyu alikuwa na maneno ya kila shida. Barua ya kuomba kazi, barua ya kuomba msamaha, barua ya kumshtaki jirani aliyejenga choo kwenye mpaka, zote zilipita mikononi mwake. Na zote alizisoma kwa sauti kabla ya kutiwa saini, maana nusu ya wateja wake hawakujua kusoma, na nusu iliyobaki walikuwa wamesahau miwani nyumbani.

Utaratibu huo ulimfia mikononi siku hundi zilipokuja.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kodi ya mwaka ule imezidi mahitaji, kwa hiyo ziada itarudishwa kwa wananchi, hundi moja kwa kila kaya. Hakuna mtu aliyewahi kuisikia serikali ikisema imeshiba. Tangazo lilitoka wiki sita kabla ya uchaguzi, hundi zenyewe zikafika zikiwa zimebaki wiki tatu, na kila hundi ilifungwa pamoja na barua yenye picha ya mkuu wa nchi, akitabasamu kama bwana harusi ambaye bado hajaonyeshwa gharama. Mtaani wakaiita hundi ya picha.

Sasa majina. Aliyeandika majina yale, Mungu anamjua. Wanaume waliandikwa Bibi, mapacha waliunganishwa wakawa mtu mmoja, na benki hailipi hundi ambayo jina lake linapishana na kitambulisho hata kwa herufi moja. Ikabidi kila mtu apeleke barua ya kusahihishiwa jina, na barua zinaandikwa wapi? Barazani kwa Katibu. Foleni ikazunguka jengo ikarudi kujiuma mkia.

Katibu akatengeneza barua mama, yenye mwanya wa jina na mwanya wa namba ya hundi. Mwishoni aliweka aya moja: "Natoa shukrani za dhati kwa Serikali yetu sikivu, nami naahidi kuiunga mkono kwa hali na mali." Si kwamba aliamini hata neno moja la aya ile. Alikuwa amegundua tu kwamba barua zenye aya hiyo hugongwa mhuri siku hiyo hiyo, na zisizo nayo hulala kwenye droo hadi zinaota ndevu. Mlango unaolia hutiwa mafuta, naye akatia.

Watu walipozidi, wakaanza kutia saini chini ya karatasi tupu, kisha wakaenda zao kazini wakimwachia achape hapo juu. Mwanzoni aliwakanya. Siku ya tatu akachoka kukanya.

Nyumbani kulikuwa na hundi moja ambayo jina lake halikukosewa hata nukta, nayo ilikuwa ya baba yake. Na katika mtaa mzima, mtu pekee ambaye hundi yake haikuwa na kasoro ndiye huyo huyo asiyeitaka.

Baba alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka thelathini na moja alizunguka masokoni na mawe yake ya shaba ndani ya kisanduku, akiwapima wanaopima wengine, na katika miaka yote hiyo hakunywa hata soda ya mwenye duka. Sasa alikuwa amestaafu, na mtoto wa jicho alikuwa ameyafunga macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Watu aliwatambua kwa miguu yao. Daktari wa macho alikuwa amempa nafasi ya upasuaji Alhamisi ya wiki iliyofuata, lakini fedha ilipwe kwanza. Akiba ya Katibu haikuwa imefika hata nusu. Hundi ile ingelipa yote.

"Nisomee tarehe," Baba alisema jioni ile, hundi ikiwa mezani kati yao.

Katibu akasoma.

"Na kura tunapiga lini?"

"Baba, unajua tunapiga lini."

"Nakuuliza wewe unayeona."

Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa akikunja nguo kwenye mkeka, akacheka puani. Yeye aliishi chumba cha uani, akahesabiwa kama kaya yake mwenyewe, na hundi yake alikuwa ameitoa benki siku ile ile iliposahihishwa jina.

"Kaka, usijitie presha ya bure," alisema. "Mimi yangu nimenunulia godoro. Na kura siwapi. Cha kwao nimekula, na ndani ya chumba cha kura niko peke yangu na Mola wangu."

"Wanajua kwamba utasema hivyo," Baba akamjibu. "Wao hawakununua kura yako. Wamenunua mdomo wako. Tangu ulipoanza kulalia hilo godoro sijakusikia ukilalamikia bei ya sukari hata siku moja."

"Nalala vizuri, nitalalamika saa ngapi?"

Katibu hakucheka. "Hela ni zako, Baba. Umekatwa kodi tangu ndevu zako nyeusi. Mtu akikurudishia chenji yako, utaikataa kwa sababu anatabasamu?"

"Mwenye duka akinirudishia chenji yangu, hanipi pamoja na picha yake. Tena hangoji hadi siku anayogombea uenyekiti wa soko. Kama kodi ilizidi, si waipunguze? Waipunguze kimya kimya, kila siku, hata siku ambayo hakuna uchaguzi. Mama, mimi sikuwa nikikagua kilichomo kwenye sahani ya mizani. Kilichomo kila mtu anakiona. Nilikuwa nakagua kidole cha muuzaji kiko wapi."

"Na maskini ambaye leo hii hana dawa? Umwambie angoje mizani inyooke?"

"Huyo achukue. Sijamkataza mtu. Nimesema mimi sichukui."

"Wewe ndiye maskini asiye na dawa, Baba."

"Macho ni yangu," akasema.

"Macho ni yako. Anayekushika mkono kwenda chooni saa kumi alfajiri ni nani? Ni mkuu wa nchi?"

"Ni wewe. Na Mungu anakuona."

"Angalau yuko anayeona humu ndani."

Shangazi akazidisha kasi ya kukunja nguo. Hata hivyo Baba hakukasirika. Ubishi wake haukuwahi kuhitaji hasira, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha binti yake kuliko yote. Mtu mwenye hasira hupoa. Baba alikuwa baridi toka mwanzo.

Akamwambia achukue daftari, akaanza kutaja barua. Mistari sita. Kwamba yeye, mkaguzi wa mizani mstaafu, anairudisha hundi hii kwa hiari yake na akili timamu. Kwamba hana ugomvi na aliyechukua. Kwamba akidaiwa kodi atalipa, na akirudishiwa ataipokea siku ambayo hakuna anayemhitaji. Katibu akaandika, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi, kisha akamsomea.

"Sawasawa," Baba alisema. "Lete karatasi safi nitie saini, mashine yako iko huko barazani na mimi miguu yangu haiijui ile foleni."

"Utie saini karatasi tupu?"

"Sijawahi katika maisha yangu. Hii ni ya kwanza, kwa sababu ni wewe."

Akaelekezwa kidole, akaandika jina lake kwa mwandiko wa kiofisi uliolalia kulia, safi kuliko wa watu wengi wenye macho.

Siku iliyofuata, karatasi ile ilikaa chini ya kopo la gundi pale barazani tangu asubuhi hadi saa sita, na Katibu aliitazama kama mtu anavyotazama mlango ambao haujafungwa. Karatasi nyeupe, saini halali, hundi halali. Kilichokosekana ni maneno tu, na maneno ndiyo yaliyokuwa biashara yake. Mteja wa kumi na nne alipoondoka, akafungua ukurasa mpya akachapa: "Kwa barua hii namruhusu binti yangu kuchukua fedha za hundi hii kwa niaba yangu." Mstari mmoja. Alhamisi nzima ilikuwa ndani ya mstari ule mmoja. Baba angeamka na bandeji, angegomba mwezi mzima, kisha angesoma gazeti.

Aliutazama mstari hadi kompyuta ikajizima kioo kwa uvivu. Akaufuta. Tusimpambe kwa sifa asizostahili: hakuufuta kwa wema, aliufuta kwa ghadhabu, maana mzee angekuwa amemshuku hata kidogo, ingekuwa rahisi kumdanganya.

"Katibu, unalala?" mtu akauliza kwenye foleni. "Sisi tumesimama tangu alfajiri, hata miguu imeshatusahau."

Basi kwa haraka akafungua barua mama, akafuta aya za juu, akaingiza mistari sita ya baba yake, akaweka karatasi kwenye printa. Ikakohoa, ikatoa. Hakuisoma kwa sauti. Amsomee nani?

Dirisha namba tatu lilikuwa na afisa mmoja mwembamba mwenye tai, ambaye watu wote walimwita Dirisha. Aliisoma barua mara ya kwanza kwa haraka, na mara ya pili taratibu.

"Anarudisha?"

"Anarudisha."

"Jina limekosewa?"

"Jina liko sawa."

"Basi kiasi hakimtoshi."

"Bosi, anarudisha tu."

Dirisha akaweka kalamu chini. "Dada yangu, nisikilize. Mimi hapa nina watu wa kudai. Wa kurudisha sijawahi kumwona, na hata fomu yake haipo. Wilaya yetu imefika asilimia mia kasoro kaya sita, na hao sita ni marehemu na waliohama. Jumatatu waziri anakuja kuzisoma takwimu jukwaani. Halafu wewe unaniletea mtu mzima, hai, mwenye anwani."

"Kama ni haki yake, inakuuma nini akiikataa?"

Dirisha akavuta tai kana kwamba inamkaba, na Katibu akajikuta amekasirika upya, safari hii kwa sababu mzee mbishi aliyeketi gizani nyumbani alikuwa ameliona jambo hili vizuri kuliko yeye.

"Kwani mzee ana matatizo gani?" Dirisha akauliza kwa sauti ya chini. "Hana shida ya hela?"

"Ana mtoto wa jicho. Upasuaji ni Alhamisi." Lilimtoka tu.

"Alhamisi," Dirisha akarudia, akiwa mpole ghafla. Akaishika tena ile barua, na mara uso ukamnyooka. "Lakini mbona huku chini anashukuru?"

"Anashukuru nini?"

Akamsomea. Shukrani za dhati. Serikali yetu sikivu. Kwa hali na mali. Na chini yake, bila hata nafasi ya kupitisha kucha, saini safi iliyolalia kulia.

Mikono ya Katibu ilikuwa imefuta juu ikasahau chini; barua zote za wiki mbili zilimalizika hivyo, na vidole vikishazoea njia haviulizi.

"Hii siyo barua ya kukataa," Dirisha alisema, sasa anatabasamu kama ile picha. "Hii ni barua ya mzee mwenye adabu aliyepitiwa kidogo katikati. Nitaandika amepokea kwa shukrani. Tena mkaguzi wa mizani mstaafu, kipofu, waziri ataipenda hii. Ataisoma yeye mwenyewe." Akanyanyua mhuri.

Katibu akapitisha mkono chini ya kioo, akaivuta barua. Mhuri ukatua juu ya meza tupu.

"Basi mlete mwenyewe," Dirisha alisema, akipangusa wino. "Asaini daftari mbele yangu. Kesho kabla ya saa nane, nikifunga nimefunga."

Alipofika nyumbani, Baba alikuwa amekaa kizingitini anasikiliza redio, na kabla hajafungua mdomo mzee akasema, "Leo unatembea kama mtu aliyevunja kitu."

"Ile barua ina kosa, Baba."

"La nani?"

"Langu."

Akaketi karibu yake, akamsomea yote, kuanzia mistari sita hadi hali na mali. Shangazi alitokeza kichwa mlangoni, akasikia, akashindwa kujizuia. "Hali ameshaitoa," alisema. "Mali ndiyo itakayosumbua."

Baba hakucheka wala hakugomba. "Hukuisoma kabla ya kuipeleka?"

"Sikuisoma."

"Na hiyo aya umewawekea watu wangapi?"

Swali hilo Katibu hakuwa amejiuliza. Akayaona yale matita ya karatasi, saini za chini, alama za dole gumba, mafundi na wauza mboga na walinzi wa usiku. "Wote," akasema.

"Wanajua?"

"Waliosomewa wanajua."

"Na wasiosomewa?"

"Baba, nilikuwa nawasaidia. Bila ile aya barua zinalala."

"Najua ulikuwa unawasaidia." Akazima redio. "Mama, wewe peke yako umewapigia kampeni kuliko jukwaa lao lote. Wangekulipa posho."

Hilo lilimchoma, na kwa kuwa lilimchoma, akamwaga na lililobaki. "Tena nilichapa nyingine. Ya kuniruhusu nikatoe hela. Ilikuwa tayari, nilibakiza kubonyeza tu. Ningebonyeza, Ijumaa ungekuwa unauona uso wangu."

"Ningeuona," Baba alisema. "Halafu ningeufanyaje?"

Katibu alikuwa na hamu ya kuvunja kitu, lakini vyombo vyote vya nyumba ile angevinunua tena yeye.

Kesho yake saa sita wakaenda. Baba alivaa koti lake la kazini, la zamani, lenye kifungo kimoja kisicholingana na wenzake. Foleni ikawapisha, maana mzee asiyeona hapangwi foleni. Dirisha akawaingiza ndani kwa mlango wa pembeni, akavuta kiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Daftari liko wapi?"

"Liko hapa. Ila mzee, daftari lina safu mbili tu. Ya kwanza ni ya waliopokea. Ya pili ni ya wasiopokea, na hiyo ni ya marehemu na waliohama."

"Basi niandike na marehemu. Giza lao nimeshalizoea."

"Mzee, una utani."

"Sina. Safu ya pili."

"Sawa. Wewe ndiye mwenye hundi." Dirisha akaugeuza ukurasa, akachukua mkono wa Baba kwa heshima, akamtilia kalamu vidoleni, akamshusha juu ya karatasi. "Hapa, mzee wangu. Saini hapa."

Katibu alikuwa amesimama nyuma ya bega la baba yake. Akaona. Kalamu ilikuwa imetua kwenye safu ya kwanza.

Dirisha akainua macho akamtazama, wala hakuwa na aibu. Alinyanyua nyusi kidogo tu, kama mtu anayekufungulia mlango huku mikono yako imejaa mizigo. Si wewe uliyefanya, nyusi zile zilisema. Wala si yeye. Ni mimi, na mimi sina cha kupoteza. Alhamisi mzee aende akatibiwe, na mimi Jumatatu yangu ipite salama. Nani ameumia?

Kalamu ilianza. Herufi ya kwanza ikatoka, ndefu, imelalia kulia.

Na Katibu akanyamaza. Lazima hilo lisemwe. Alinyamaza kwa herufi nzima ya kwanza, akaziona asubuhi zote ambazo hatamshika mtu mkono, gazeti likiwa wazi mezani, mzee akiigombeza habari aliyoisoma mwenyewe. Ya pili ikaanza kupinda. Mbele yake kilikuwa kisogo cha baba yake, kimeinamia ukurasa asiouona, kimetulia kabisa, kisogo cha mtu asiyeshuku lolote maana binti yake yuko nyuma yake. Akamchukia kwa utulivu ule.

Akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono.

"Si hapo, Baba," alisema. "Sogea kulia."

Akamvuta mkono. Kalamu haikuwa imenyanyuka, ikachora mstari wa wino kutoka safu ya waliopokea, ukavuka mpaka, ukaingia kwa marehemu. Hapo Baba akamalizia jina lake.

"Umeniharibia daftari," Dirisha alisema.

"Kalifungue Jumatatu mbele ya waziri," Katibu akamjibu. "Mwambie ni kaya iliyohama." Akaiweka hundi mezani pamoja na picha yake, akangoja hadi mhuri ulipogongwa, akachukua nakala, akamwinua baba yake.

Wakatoka. Ngazi za jengo lile zilikuwa tisa, na alimhesabia zote, kwa sauti ya mtu aliyeuma meno.

"Kalamu ilikuwa imeshaanza," Baba alisema chini ya ngazi.

"Ilikuwa imeanza."

"Nikasema moyoni, leo anangoja nini huyu."

Katibu akasimama. "Ulijua? Ulijua uko safu gani?"

"Sikujua. Ila ulikuwa umeacha kupumua."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Mimi sioni."

Akamtazama mzee yule, koti lake, kifungo chake, uso ulioelekea upande ambao hakuna mtu, na maneno yote aliyowahi kuwachapia watu yakamkimbia. Akamshika mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, wakaanza kutembea.

"Kesho itabidi niende hospitali, nafasi yako wampe mwingine."

"Wampe. Mwakani tutapata."

"Mwakani utaniambia mwakani."

"Inawezekana." Wakavuka barabara. Baba akanyoosha koti. "Na hiyo Alhamisi yenyewe, sasa tutafanya nini?"

"Alhamisi nitakunyoa ndevu," Katibu alisema. "Hujioni ulivyo."